Siyu wiki nzima? Nenda, ila maji ndiyo yatakupangia safari

Ndugu umeuliza utalala wapi Siyu, kisiwani Pate, maana mtandaoni huoni hoteli. Utalala kwa mtu bana, shuka Lamu kwanza uulizie pale jeti wenyeji wa Siyu, wanajuana. Boti hufuata maji kujaa na kupwa, si saa, ule mkondo wa Mkanda, kati ya kisiwa cha Manda na bara, zamani maji yakitoka chombo kilikuwa chakwama kwenye mikoko, mie nimewahi kukaa mle masaa matatu jua la utosini namenya machungwa ya mama wa watu. Beba keshi ndogondogo, tochi, dawa zako. Kaptula achia Shela kwa watalii, huku ni kikoi. Wenye nyumba wapelekee sukari na majani ya chai, hela ya chakula mpe mama mwenyewe mkononi. Ngome ya Siyu utaiona tu, ila mafundi wa makubadhi, vile viatu vya ngozi, usiwapite.