Mtaa wako una faili?

Vikundi vingi vya mtaa hunitafuta mnyakuzi wa ardhi ya umma akishazungusha mabati. Uwanja umezibwa, mlinzi amewekwa na mbwa wake, na vijana wanataka kuandamana kesho asubuhi. Mimi huuliza faili iko wapi. Mara nyingi hakuna faili. Kuna hasira, kuna kikundi cha WhatsApp kinacholia usiku kucha, lakini karatasi hata moja hakuna.

Nimehangaika na mambo haya Mombasa, viwanja vya mpira na nyumba za Mji wa Kale, na ninachoamini ni kwamba ardhi ya umma huliwa ofisini zamani sana kabla haijaliwa uwanjani. Aliyeleta mabati ana hati mkononi. Hati yenyewe huenda ni ya wizi, maana ripoti ya mwaka 2004 ya Tume ya Ndung'u, iliyochunguza unyakuzi wa ardhi ya umma Kenya, ilijaa hati za namna hiyo. Lakini polisi wakifika, hiyo ndiyo karatasi watakayosoma. Ukiwa na bango na wimbo tu, utakayepanda karandinga ni wewe.

Kwa hivyo anzeni wakati hakuna vita. Nendeni ofisi ya ardhi mfanye upekuzi, mjue uwanja umeandikishwa kwa jina la nani. Tafuteni ramani ya upimaji. Mkizungushwa, andikeni barua mkitaja Kifungu cha 35 cha Katiba ya Kenya na sheria ya mwaka 2016 inayompa raia haki ya kupata habari za serikali. Afisa ana siku 21 za kujibu. Akinyamaza, mshtakini kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayopokea malalamiko dhidi ya ofisi za umma. Pigeni barua nakala mbili, na ile yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani atakuambia, "Iache tu hapo, mama, nitampa mkubwa." Usiiache.

Baada ya hapo kusanyeni ushahidi wa matumizi. Kwetu sisi kilichofanya kazi kuliko hotuba zote ni picha ya timu. Mzee mmoja aliyekuwa golikipa ujanani alikuwa nayo sandukuni, chini ya leso za marehemu mkewe: vijana wa kaptula wamepiga goti, nyuma yao mwamba wa goli, na juu ya bega la mmoja wao unaonekana mnara wa msikiti ambao upo hadi leo. Nyuma ya picha kuna muhuri wa studio na mwaka. Yule bwana aliyedai kwamba pale palikuwa pori tupu hadi aliponunua, alipoiona alikohoa, akaomba kikao kiahirishwe. Mzee tulimpeleka kwa wakili akaapa kiapo cha maandishi mapema. Msingoje kesi ifunguliwe ndipo mtafute wazee, wanatutoka.

Wanaodhani barua ni kazi ya waoga wamkumbuke Wangari Maathai. Mwaka 1989, jumba la ghorofa 60 lilipokusudiwa kujengwa ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma ya Nairobi, alianza na kalamu: barua kwa ofisi hii, nakala kwa ile, hadi kwa mabalozi. Alikejeliwa bungeni, lakini fedha za mradi zilikauka na jumba halikujengwa. Miaka miwili baadaye bustani ya Jeevanjee nayo ikaandamwa, na Zarina Patel, mjukuu wa yule aliyeitoa kwa wakazi wa Nairobi mwaka 1906, akawa mstari wa mbele kuitetea. Ipo mpaka leo.

Kuhusu vikao vya kukusanya maoni ya wananchi, niseme kwa ukali kidogo. Karatasi ya mahudhurio unayoitia sahihi ukingoja soda na nauli inaweza kupelekwa mahali kama ushahidi kwamba mtaa ulikubali. Andika pembeni ya jina lako "napinga". Andikeni kumbukumbu zenu wenyewe za kikao. Leseni ya mazingira ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu ilifutwa na Baraza la Kitaifa la Rufaa za Mazingira (National Environment Tribunal) mwezi Juni 2019, na sababu kubwa ilikuwa kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo.

Majengo yana adui mwingine, naye ni sisi wenyewe. Watu hukimbilia kuomba jengo litangazwe kwenye Gazeti Rasmi kuwa turathi. Liombeeni, sheria ya mwaka 2006 ya makavazi inaruhusu. Lakini tangazo halizibi paa. Mji Mkongwe wa Zanzibar uko kwenye orodha ya UNESCO tangu 2000, na bado sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la zamani la sultani, iliporomoka Desemba 2020, tena ikiwa katika ukarabati.

Kuta zetu za zamani ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Unyevu huingia na kutoka. Fundi akija na saruji kwa kuwa inakauka haraka, unyevu hufungiwa ndani: chumvi inachomoza, lipu inabanduka, na ncha za boriti zilizozama ukutani zinaoza bila mtu kuona. Siku dari ikishuka watasema nyumba ilikuwa kuukuu. Kikundi chenye akiba ndogo kianze na paa na mifereji ya maji, kisha kitafute fundi anayejua chokaa. Anayekagua ukuta kwa macho tu bila kuupapasa, mpeni nauli aende zake.

Na warithi waketishwe mapema. Nimeona milango ya nakshi ikipakiwa kwenye pikapu kwa sababu ndugu hawakuelewana, wala hapakuwa na bepari yeyote kutoka nje.

Mwisho, jueni kwamba mabati hupenda kuja Ijumaa jioni au mkesha wa sikukuu, mahakama zikifungwa. Muwe na wakili aliyekubali kupigiwa simu saa hizo na kuwasilisha ombi mahakamani chini ya hati ya dharura, ili lisikizwe haraka. Kabla ya kubishana na mlinzi, pigeni picha bango la ujenzi lenye jina la mkandarasi na namba za vibali. Kama bango halipo, pigeni picha ukuta mzima kuonyesha kwamba halipo.