Raundi ya Maabara Ianze na Jibu Lenye Utata

Katika kuwafundisha wanafunzi wa maabara ya tiba, nimeona raundi nyingi zikigeuka matembezi: mkufunzi hutangulia, hueleza kila mashine anayoifikia, nao wanafunzi humfuata wakiandika. Ushauri wangu ni kwamba raundi isimame mbele ya jibu moja lenye utata, na mkufunzi asiseme neno mpaka wanafunzi wawe wamelijadili.

Mfano ninaoutumia mara kwa mara ni wa potasiamu. Huwapa karatasi ya majibu, jina la mgonjwa likiwa limefichwa, inayoonyesha potasiamu imepanda hadi milimoli 8.5 kwa lita ilhali kalsiamu imeshuka hadi 1.1. Mwepesi wa kujibu husema chembe nyekundu zimepasuka na kumwaga potasiamu yake. Hoja hiyo ina mashiko, lakini haielezi kushuka kwa kalsiamu, na seramu yenyewe, yaani majimaji yanayobaki damu ikishaganda, haina wekundu ambao chembe zilizopasuka zingeuacha. Hapo ndipo ninapouliza tyubu zilijazwa kwa mpangilio gani. Tyubu ya kifuniko cha zambarau ina kemikali ya EDTA, mara nyingi ikiwa chumvi ya potasiamu, nayo hukamata kalsiamu ili damu isigande. Kwa hiyo damu yake ikiingia katika tyubu ya seramu, potasiamu hupanda kwa uongo, kalsiamu hushuka, na hata fosfatasi ya alkali, kimeng'enya kinachopimwa katika seramu, huonekana ndogo. Mwanafunzi aliyefika hapo kwa kufikiri mwenyewe hana haja ya kukaririshwa mpangilio wa tyubu.

Swali linalofuata ni gumu zaidi, nalo husahaulika: sasa utafanya nini? Wengi hujibu kwamba watarudia kipimo, ingawa kurudia sampuli ile ile iliyochafuliwa kutaleta jibu lile lile. Huwataka waigize simu ya kwenda wodini, waeleze kwa nini jibu limezuiwa, na waombe sampuli mpya ichukuliwe mara moja, kwa sababu potasiamu ya kiwango hicho ingekuwa ya kweli ingeweza kusimamisha moyo.

Chati za Levey-Jennings, zinazoonyesha siku hadi siku kama vipimo vya udhibiti wa ubora viko ndani ya mipaka, nazo zafaa kufundishwa hivyo hivyo, kwa chati iliyopotoka badala ya iliyonyooka.

Kuhusu kundi, wanafunzi watano wanatosha, na mgeni kuliko wote ndiye aanze kusema. Akitangulia mzoefu, wengine humuunga mkono tu, na mkufunzi hatajua nani hakuelewa.