Fremu usitupe, badilisha tyubu

Mama wa duka Ujiji, shikamoo. Umeuliza kama fremu zako za tyubu za futi 4 zitakubali LED: zitakubali. Fundi asome kwanza mchoro uliobandikwa kwenye tyubu mpya. Kama umeme unaingia ncha moja tu, azime meni swichi, apime kwa tesita, atoe stata, kile kikopo kidogo cha kuwashia tyubu, na choki, lile pande zito la chuma linalovuma, kisha alete laini (waya wa moto) na nyutro (waya wa kurudisha umeme) kwenye ncha hiyo. Akikosea ncha, inaweza kuwa shoti. Ndani ya fremu abandike “LED tu”, mwingine asije akarudisha ya zamani. Wati 36 zitashuka hadi kama 18. Tyubu kuukuu zina zebaki, tafadhali watoto wasizivunje.