Miezi miwili angani, kodi ya nyumba inalipwa kwa upi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mi nipo Morogoro, naandika riwaya ya fantasia, dunia yangu ni visiwa vitupu na angani kuna miezi miwili, mkubwa na mdogo. Ramani ninayo, wafalme 14 na koo zao ninao, lugha ya makuhani nimeitungia mpaka sarufi, madaftari yamefika saba na huu ni mwaka wa tatu, ila stori yenyewe iko sura mbili tu. Rafiki yangu aliyekulia Mafia amezisoma akaniambia "bahari yako siiamini", nikimuuliza kwa nini hawezi kunieleza. Naomba kujua kitaalamu, miezi miwili ingefanya nini kwenye maji? Na nitajuaje kama maandalizi yametosha nianze kuandika?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Nimezisoma zote mbili ulizoambatanisha, na rafiki yako yuko sahihi kabisa, mtu aliyekulia baharini vitu hivi anavihisi mwilini hata kama hana maneno ya kuvieleza. Kuna sehemu mbili zimemkwaza kwenye sura ya kwanza. Wavuvi wako wanatoka usiku miezi yote miwili ikiwa mipevu, wanarudi na dagaa wa kumwaga. Sasa dagaa wanavuliwa gizani, unawasha taa juu ya maji wao wanaifuata mwanga, mbalamwezi ikishakuwa kali ile taa haina kazi tena na wavuvi wengi wanapumzika siku hizo, wanashona nyavu wanasubiri giza. Halafu pale gatini kila asubuhi maji yamejaa, leo yamejaa, kesho yamejaa, wiki nzima yamejaa saa ile ile, na hapo ndo mtu wa Mafia anakuacha, maana maji hayana saa moja ya kila siku.

Tuanze na bahari yetu tuliyonayo kabla ya hiyo yako. Kwetu huku maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Mwezi ukiwa mpevu, au ukiwa hauonekani kabisa, yeye na jua wanakuwa wamejipanga kwenye mstari mmoja wanavuta pamoja, tunapata bamvu, maji yanapanda juu sana na kupwa mbali sana, Unguja bamvu kubwa tofauti yake inafika karibu mita 4. Mwezi ukiwa nusu kila mmoja anavuta kivyake na tunapata maji mafu, bahari inapanda kidogo inashuka kidogo kama imechoka. Wanaolima mwani na wanaochokoa pweza hawapangi kazi kwa Jumatatu na Jumanne, wanapanga kwa bamvu, kwa sababu ndo siku pwani inapofunguka wakaweza kutembea mbali.

Sasa ongeza mwezi wa pili. Kitu cha kwanza cha kujua ni kwamba nguvu ya kuvuta maji inashuka haraka mno kwa umbali, kwa kipeo cha tatu, yani mwezi ule ule ukiusogeza mbali mara mbili unabakiwa na moja ya nane ya nguvu yake. Kuna njia nyepesi ambayo mi naitumia mwenyewe, angalia upana wake unavyoonekana angani. Kama miezi yako imetengenezwa kwa jiwe la aina moja, wa pili ukionekana nusu ya upana wa mkubwa basi mvuto wake kwenye maji ni moja ya nane tu, hata mvuvi mzoefu atauona kwa shida. Ukionekana robo tatu ya upana unafika kama asilimia 42, na hapo maji yanaanza kuongea, maana hata jua letu linavuta chini kidogo ya nusu ya mwezi, linaonekana upana karibu sawa na mwezi ila limeumbwa na kitu chepesi zaidi. Kwa hiyo ile sura ya pili ambapo mwezi mdogo peke yake unazamisha mji mzima, haiwezekani kwa huo udogo ulioueleza, ama uukuze ama mafuriko umpe mwingine.

Kitu cha pili ni hesabu ya siku. Usivunje hili, mwezi ulio karibu ndo unazunguka haraka, wa mbali unachelewa. Tuseme mdogo wako uko karibu, unachukua siku 20 toka kuandama mpaka kuandama tena, mkubwa uko mbali unachukua 30. Maji yanayomfuata mdogo yatachelewa kama dakika 75 kila siku, ya mkubwa kama 50, kwa hiyo mawimbi mawili ya kujaa yanafukuzana, leo yamepandana kesho yameachana kidogo. Kwa 20 na 30 miezi yote na jua vinajipanga kila baada ya siku 30 bila kukosea, na katikati, siku ya 15, miezi imeachana robo duara angani na nguvu zinakatana. Ni safi lakini ni safi mno, mtoto wa miaka sita angeikariri na hakuna mtu angeshangazwa na bahari.

Badilisha namba moja tu, mkubwa uwe siku 31. Siku moja tu umeongeza na kila kitu kinasogea, zamu ya kwanza wanapishana siku moja, ya pili mbili, ya tatu tatu, na kukutana sawasawa kabisa ni mpaka siku ya 310. Ila fanya hesabu vizuri utaona katikati hapo, karibu na siku ya 140 na tena karibu na ya 170, wanapishana nusu siku tu na maji yanakuja makubwa karibu vile vile. Unaona umepata nini? Umepata bahari ambayo inahitaji mtu wa kuihesabu, kijiji chako sasa lazima kiwe na mzee ambaye kazi yake ni kuchora alama ukutani, akiumwa wiki moja hesabu imepotea, na kuna mtu kajenga nyumba chini karibu na mikoko kwa sababu tangu azaliwe ile bamvu kubwa haijawahi kuangukia siku yenye upepo wa kusi. Huyo mzee na huyo mwenye nyumba tayari wana stori, hata mfalme mmoja hajaingia.

Lakini mdogo wangu, maji ni nusu ya jibu na nadhani ndo nusu nyepesi. Wewe unaandika kwa Kiswahili, na kwa Kiswahili "mwezi" ni kile kitu cha angani na ni zile siku za kuhesabu, neno moja. Hiyo zawadi usiipite. Ukiweka miezi miwili angani umeweka miezi miwili kwenye mkataba. Mtu akisema nitakulipa mwezi ujao, upi? Mwenye nyumba atahesabu kodi kwa mdogo, siku 20, mpangaji atahesabu kwa mkubwa, siku 31, wote wanaangalia anga moja na wote wanasema kweli. Mjamzito wa siku 280 kwa mwezi mkubwa ana miezi tisa, kwa mdogo ana miezi 14, sasa binti anapoulizwa na shangazi yake una miezi mingapi, jibu lake linategemea anataka kuficha nini. Mimi ningeuza wafalme wote 14 nipate hiyo mistari miwili ya shangazi na binti.

Nakuambia kwa nini naling'ang'ania hili. Baba alipofariki mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, na mimi ndo nilikuwa nyumbani. Kila jioni ya mwisho wa mwezi alikuwa ananituma uwanjani, nenda kaangalie kama umeandama, nami natoka nasimama upande wa mnazi natazama magharibi, mara nyingine mawingu, narudi namwambia sijauona, ananyamaza anaendelea na kisamvu chake. Jioni moja niliuona mwembamba kama ukucha na nikakaa pale nje muda mrefu kabla ya kuingia kumwambia, kwa sababu nilijua nikimwambia kuna mwezi mzima mwingine umetoka kwenye hesabu na baba amezidi kuwa mbali. Nilikuwa na miaka 19. Wakati ule ule nilikuwa naandika dunia yangu ya kwanza, madaftari 11, majeshi, nasaba, ramani za rangi, na sikuwahi kuandika humo ndani mtu hata mmoja anayetumwa nje kuangalia anga kwa sababu mama yake anasubiri.

Mswada ule niliutuma kwa mchapishaji ukarudi na sentensi moja ya edita kwamba ameona nchi lakini hajamwona mkazi. Iliniuma miaka. Nilipokuja kuandika upya nilianza na mjane anayehesabu, nikampa miezi miwili, eda ya miezi minne na siku kumi kwa mwezi mdogo ni siku 90, kwa mkubwa wa 31 ni siku 134, na shemeji zake wanataka atumie mmoja na moyo wake unataka mwingine. Sitakuambia upi. Hilo lilikuwa swali la maisha yangu na nililipata kwenye hesabu, ile hesabu kavu ya fizikia unayoniuliza, ndo maana nasema usiiogope wala usiidharau.

Na wala hili halikuanza na sisi. Kwenye masimulizi ya Fumo Liyongo, yule shujaa aliyekuwa hawezi kuuawa isipokuwa kwa sindano ya shaba kitovuni, mwanawe anamchoma, yeye anatoka anapiga goti karibu na kisima na upinde mkononi na anakufa vile vile amepiga goti. Watu wanadhani yu hai. Angalia mtungaji anaenda wapi baada ya hapo, anaenda kwenye maji, watu hawathubutu kuteka kisimani, mji una kiu, mpaka mama yake anaombwa aende akambembeleze. Ajabu ya kichawi imetua kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Naye Shaaban Robert, mtu wa Tanga, kwenye Kusadikika ya 1951 alituwekea nchi inayoelea hewani, na hakupoteza kurasa kueleza inaeleaje, alifungua mahakama akaweka mshtakiwa. Hadithi ile ni ya sheria na dhuluma, kwa hiyo kilichotakiwa kujengwa imara ni baraza na mashtaka, hewa aliiacha iwe hewa. Yako ni ya wavuvi, kwa hiyo hewa na maji lazima vishike, ila sarufi ya makuhani ambao mpaka sasa hawajaongea neno inaweza kukaa daftarini tu.

Hapo nimeshaanza kujibu swali lako la pili. Mi kipimo changu ni hiki, maandalizi yametosha siku unapoweza kuniambia mtu wa kawaida wa pale anadaiwa nini, na nani, na deni linaiva lini. Ukiweza kunijibu bila kufungua daftari, funga madaftari andika. Ukishindwa, rudi daftarini lakini rudi kwa ajili ya hilo tu, sio kwa ajili ya mfalme wa 15. Na usisubiri ujue kila kitu, mimi katika kitabu changu cha tatu sikujua nchi yangu inapika kwa kuni au kwa mkaa mpaka sura ya tano ambapo mtoto aliungua mkono nikalazimika kuamua, na uamuzi ule ulirudi ukabadilisha sura ya kwanza, nikaipenda zaidi. Vitu vingi vinajengwa hivyo, mtu akigusa.

Kwa wiki hii fanya kazi moja. Chukua karatasi ndefu, andika siku 1 mpaka 310 kwenda chini, weka alama kila siku ya 10 kwa mdogo na kila siku 15 na nusu kwa mkubwa, maana mwezi unaleta bamvu unapokuwa mpevu na unapokuwa haupo. Zinapokaribiana piga duara. Usitumie programu ya kompyuta, chora kwa mkono, utachoka karibu na siku ya 90 na uchovu huo ndo wa yule mzee wa ukutani, utamwelewa. Halafu tafuta usiku ambao miezi yote imezama au haipo, hizo ndo siku za dagaa, utashangaa zilivyo chache, na bei ya dagaa sokoni kwako itakuja yenyewe. Kabla ya kuandika sura ya tatu panda basi uende baharini hata siku nne mfululizo, Bagamoyo sio mbali na wewe, kaa sehemu ile ile kuanzia asubuhi, weka kijiti mchangani, uone mwenyewe maji yanavyochelewa.

La mwisho ni majina. Umeiita miezi yako majina marefu ya silabi saba yenye alama juu ya herufi, na mvuvi aliyelowa saa kumi alfajiri hatatamka hayo. Waachie makuhani wako kama watakuja kuongea. Watu wa gatini mi nadhani ule mkubwa wangeendelea kuuita Mwezi kama walivyouita babu zao, na huu mdogo unaoufukuza na kuupita na kuupita tena wangeuita Mwenzi.