Kumbuka, kumbukizi na "Kumb. Na."

Barua nne za juma hili zimeangukia neno moja, basi nazijibu kwa mkupuo.

Shikamoo mwalimu. Tumeambiwa darasani kwamba "kumbuka" na "sahau" yote ni ya Kiarabu. Ni kweli? (Mwanafunzi, Morogoro)

Marahaba. La pili ndiyo, la kwanza hapana. "Sahau" tumelitoa Kiarabu. Ndiyo maana sijida anayoileta mwenye kukosea idadi ya rakaa huitwa sijdatu-sahwi. "Kumbuka" ni Kibantu. Litazame linavyojinyumbua: kumbuka, kumbusha, kama chemka, chemsha, na amka, amsha. "Sahau" halikubali kufinyangwa hivyo, mpaka ulivute liwe sahaulisha.

Halafu vuka mpaka. Mchewa wa Malawi husema kumbukira, na ukumbusho kwake ni chikumbutso. Teremka hadi Durban, Mzulu anasema khumbula. Tena akimpigia simu mwenzake aliye mbali humwambia "ngiyakukhumbula", yaani nimekukumbuka, kwa ile maana ya hamu. Ni kama kwetu. Mama akipiga simu kutoka kijijini akasema "mwanangu, nimekukumbuka", hamaanishi kwamba alikuwa amekusahau. Anataka kukuona, pengine na hela ya mbolea.

Babu yangu anashikilia kwamba "kumbuka" ni "ku-umbuka", kwa kuwa mkosaji akikumbushwa makosa yake huumbuka. (Pangani)

Mpe babu salamu zangu, amenichekesha, lakini sivyo. Sema "aliumbuka", kisha sema "alikumbuka": ile k haibanduki, ni ya mzizi. Umbuka limetoka kwenye umba, ukoo mwingine kabisa. Kwa sababu hiyo hiyo tunaandika "nataka kukumbuka", ku mbili. Wanaoandika "nataka kumbuka" wameimeza moja.

"Kumbukizi" ni Kiswahili au ni mbwembwe za watangazaji? (Dodoma)

Nilikuwa nalichukia. Kila ikifika 7 Aprili, siku aliyouawa Mzee Karume mwaka 1972, au 14 Oktoba, siku aliyofariki Mwalimu Nyerere mwaka 1999, ni kumbukizi asubuhi, kumbukizi jioni. Lakini sarufi haijavunjwa: amkia limezaa maamkizi, na kumbukia likazaa kumbukizi. Nimesalimu amri, ingawa mwenyewe bado naandika "kumbukumbu".

Nimepata barua ya serikali, juu imeandikwa "Kumb. Na." na msururu wa herufi na tarakimu. Nami nikijibu niiandike? (Singida)

Iandike, tena inakili kama ilivyo, hadi nukta na mikwaju. Ni kifupi cha "kumbukumbu namba". Karani wa masijala huitazama hiyo kwanza, kabla hata ya jina lako, ili ajue avute jalada gani kabatini. Hapa kumbukumbu imehama kichwani ikaingia kwenye karatasi, sawa na kumbukumbu za mkutano anazoandika katibu. Barua isiyo na namba hiyo hufunguliwa, husomwa, kisha hulala kwenye trei ikingoja atokee mtu anayekumbuka inahusu nini. Yangu moja, katika ofisi nisiyoitaja, ililala miezi mitatu.