Linux haitoi sauti? Usifomati kwanza, angalia chipu

Mkuu, umesema laptopu mpya umeiweka Linux, kila kitu safi ila sauti hakuna, kwenye mipangilio inasoma Dummy Output tu (yaani mfumo haujaona kifaa cha sauti), na unataka kufomati upya. Usifomati kwanza. Mimi nilifomati mara tatu nikihama distro (toleo la Linux) moja kwenda nyingine, wiki nzima ikaenda, kumbe kilichokosekana ni kifurushi kimoja.

Jina la kampuni kwenye mfuniko halikusaidii kitu hapa. Sauti ya laptopu ina vipande viwili, kuna kidhibiti kilicho kwenye chipseti na kuna kodeki, ile chipu inayogeuza namba kuwa mawimbi ya kwenda kwenye spika. Tangu Intel watoe HD Audio mwaka 2004 ikachukua nafasi ya AC'97, mfumo wa sauti wa zamani, draiva (programu inayoendesha kifaa) ya snd_hda_intel imebeba mashine nyingi mno, ndo maana laptopu za zamani ukiweka Linux zinaongea zenyewe. Hizi mpya nyingi zina DSP, kiprosesa kidogo cha sauti, na hicho kinataka kipakiwe femwea (programu ya ndani ya chipu) kila mashine ikiwaka, femwea isipokuwepo draiva haina la kufanya, unabaki na hiyo Dummy Output.

Fungua terminali piga lspci -nnk, tafuta mstari wenye Audio uone umeshikwa na draiva gani, ukiona sof (Sound Open Firmware, draiva ya hizo DSP) piga sudo dmesg | grep sof. Ikilalamika kuwa faili la femwea halipo, weka firmware-sof-signed kama uko Debian, Arch ni sof-firmware, Fedora ni alsa-sof-firmware, zima washa. Yangu ilitoa sauti hapohapo.

Utashauriwa pia uweke dsp_driver=1 kwenye snd_intel_dspcfg, yaani mashine iikwepe DSP itumie draiva ya zamani. Nilifanya hivyo mwanzoni, spika zikarudi nikafurahi sana, kesho yake kwenye kikao cha mtandaoni hakuna anayenisikia, maana maiki za kidijitali zimepita kwenye hiyohiyo DSP, ukiikwepa nazo zinapotea. Kwa hiyo mi siishauri, labda kwa dharura.

Ila kama aplay -l inaonyesha kadi na bado kimya, ingia alsamixer, F6 uchague kadi, penye MM (sauti imezimwa) bonyeza M.

Ukiwa na kazi ya haraka chomeka kadi ya sauti ya USB inayofuata kiwango cha USB Audio Class, keneli (kiini cha Linux) inaijua tayari. Halafu tuwekee hapa majibu ya lspci na dmesg, bila hayo tutakuwa tunabahatisha tu.