Kifaa cha dharura cha setilaiti kwa anayevuka peke yake kwenda Pemba

Assalaam alaykum. Ndugu yetu ameuliza anunue kifaa gani cha setilaiti, kwa kuwa anakusudia kuvuka peke yake kwa ngalawa kutoka Nungwi hadi Mkoani, Pemba, na amesitasita kati ya PLB (kifaa kidogo cha mtu binafsi kinachotoa ishara ya dharura kwa waokoaji) na kile cha kuandikiana ujumbe. Namjibu kwa yaliyonifika mwenyewe katika maji hayohayo.

Msimu mmoja wa kusi foromali (mti unaoshika tanga) ilinivunjikia nikiwa nimeshaupoteza mnara wa taa wa Nungwi na Pemba bado sijaiona, na simu ya mkononi haishiki mtandao. Nilikuwa na kifaa cha kutuma tu, kisichopokea chochote. Nilibonyeza kitufe cha kuomba msaada, na kaka yangu aliyekuwa Mkoani akapata ujumbe ulioonesha mahali nilipo, lakini hakuweza kujua kama nazama au nimekwama tu, wala mimi sikujua kama ujumbe umefika. Mashua iliyotoka kunitafuta ilikwenda pale nilipokuwa wakati wa kubonyeza, ilhali mkondo ulikuwa umeshanichukua mbali kaskazini. Nilionekana jua likikaribia kutua.

Kwa sababu hiyo, mwenye fedha za kifaa kimoja tu namshauri achukue cha kutuma na kupokea, kama Garmin inReach, kinachotumia setilaiti 66 za kampuni ya Iridium ambazo zinaizunguka dunia nzima, bahari zikiwemo. Kina ada ya usajili, na ujumbe huweza kuchukua dakika kadhaa, lakini utaweza kumwambia aliye pwani kwamba chombo kinaelea, maji ya kunywa yapo, na sasa uko hapa. Huyo wa pwani mchague kwa makini. Awe mtu anayemfahamu bwana diko (msimamizi wa mahali wavuvi wanaposhushia samaki) wa Nungwi na wa Mkoani, maana wavuvi ndio watakaokufikia mwanzo. Ukiletewa kifaa cha Globalstar, kampuni nyingine ya setilaiti, uliza kwanza kuhusu bahari yetu, kwa sababu setilaiti zake zimetegemea kituo cha nchi kavu kilicho karibu ili kuupeleka ujumbe.

PLB siidharau. Haina ada ya mwezi, na inatoa ishara ya 406 MHz kwa muda usiopungua saa 24, ikipokewa na Cospas-Sarsat, mfumo wa setilaiti wa kutafuta na kuokoa ulioasisiwa na Kanada, Ufaransa, Marekani na Umoja wa Kisovyeti. Hata hivyo ishara hiyo hupitia vituo vya uokoaji kabla ya kumfikia yeyote wa kwenu, nawe huwezi kueleza lolote. Ukiinunua Dubai au kwingineko, hakikisha kabla ya kulipa kwamba namba ya nchi iliyowekwa ndani yake ni ya Tanzania, kisha uisajili pamoja na simu za jamaa zako, na utazame tarehe ya mwisho ya betri. Usikubali kuuziwa kikuukuu cha 121.5 MHz pekee, kwani setilaiti ziliacha kuisikiliza ishara hiyo tarehe 1 Februari 2009.

Chochote utakachochagua, kifunge mwilini juu ya jaketi la kuokolea, kisiwe ndani ya mfuko wa ngalawani, kwa kuwa ngalawa ikipinduka mkondo utakutenga nayo. Na ikiwa ni kile cha kutuma na kupokea, kabla hujasukuma chombo majini, simama pwani ya Nungwi mahali palipo wazi, tuma ujumbe, na usitweke tanga mpaka umesoma jibu lake.